Ini, Nyongo na Shahamu: Kuueleza Ugonjwa wa Ini na Dawa Zake kwa Kiswahili katika Mji wa Kale, Mombasa

Utangulizi

Msemaji wa Kiswahili akiambiwa neno la kumuumiza kupita kiasi husema kwamba neno hilo limemkata maini. Jambo likiharibika, husemwa kwamba limetumbukia nyongo. Ini na nyongo, basi, si wageni katika lugha hii. Hata hivyo, ini linalotajwa katika semi hizo ni ini la hisia. Ini linalotajwa na daktari ni jambo jingine, na ni hapo ambapo Kiswahili, pamoja na utajiri wake wote, huanza kusitasita.

Mfano mmoja unatosha. Mtu mzima wa Kibokoni au Kuze, mwenye kisukari cha miaka kadhaa, anapigwa picha ya tumbo katika kliniki mojawapo ya kisiwani. Anarudi nyumbani na karatasi ya Kiingereza mkononi na sentensi moja ya Kiswahili kichwani: “Ini lako lina mafuta.” Aghalabu hatua inayofuata ni kuilaumu chupa ya mafuta ya kupikia. Viazi karai vinasusiwa, bhajia zinaondolewa kwenye sinia. Chai ya maziwa iliyokolezwa sukari, sharubati na soda vinabaki pale pale, kwa kuwa havina mafuta. Kosa hilo si la ujinga wa mgonjwa. Ni kosa la neno alilopewa.

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kuueleza ugonjwa huu, pamoja na kundi la dawa zinazolenga vipokezi vilivyomo katika kiini cha seli. Inakadiriwa kwamba watu wazima 3 kati ya 10 duniani wana ini la namna hii, na wengi wao hawajui. Suala la istilahi hapa, kwa hiyo, si mchezo wa wanaleksikografia.

Mafuta au shahamu?

Ini la mtu mzima lina uzito wa takriban kilo 1.5. Husemwa kuwa na ugonjwa huu pindi mafuta yanapoonekana katika asilimia 5 au zaidi ya seli zake. Je, mafuta hayo hutoka wapi? Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2005, ambao ulifuatilia mafuta kwa kuyatia alama katika miili ya wagonjwa wachache, ulionyesha kwamba takriban asilimia 59 hutoka katika akiba ya mwili wenyewe, yaani yale yaliyohifadhiwa kiunoni, tumboni na kwingineko. Asilimia 26 hivi hutengenezwa upya na ini, hasa kutokana na sukari na wanga. Yaliyotoka moja kwa moja katika mafuta ya chakula ni asilimia 15 tu.

Takwimu hizo zinaligeuza wazo la kawaida juu chini. Ini halijai mafuta kama karai linavyomiminiwa mafuta kutoka chupani. Linayapokea kutoka kwa mwili uliokwisha kujaa, na linayapika lenyewe. Wafugaji wa mabata bukini huko Ufaransa wamelijua jambo hili kwa muda mrefu: ndege hao hulishwa mahindi kwa nguvu, na ini lao huvimba na kujaa mafuta hadi likawa kitoweo cha matajiri. Hawanyweshwi mafuta, hulishwa nafaka.

Kwa mantiki hiyo, neno “mafuta” linapotosha. Katika matumizi ya kila siku mafuta ni kitu cha majimaji: ya nazi, ya taa, ya nywele, ya gari. Lakini Kiswahili cha pwani kina neno jingine ambalo kila muuza nyama wa Marikiti analijua, nalo ni shahamu. Shahamu ni mafuta yaliyoota mwilini mwa mnyama, yakaganda juu ya nyama. Hakuna anayedhani kwamba mbuzi mwenye shahamu alikunywa mafuta. Kila mtu anajua kuwa alilishwa akanona. “Ini lako limeota shahamu” ni sentensi inayompeleka mgonjwa moja kwa moja kwenye swali lifaalo: nimekuwa nikijilisha nini?

Pingamizi dhidi ya neno hili zipo. Vijana wengi, hata wa Mombasa, hawalitumii, na msemaji wa bara huenda asilielewe. Fauka ya hayo, ni neno la buchani, na mtu anaweza kuona amefananishwa na kitoweo. Pingamizi la kwanza lina uzito mdogo, kwani istilahi hufundishwa. Hata “seli” na “jeni” zilifundishwa. La pili ni zito zaidi, ila linapungua nguvu mtu akikumbuka jinsi lugha yenyewe inavyousifu unene. Mtu aliyenenepa huambiwa amenawiri. Kuna hata wasemao “ana afya” wakimaanisha kuwa ni mnene. Lugha inayoliita tumbo lililojitokeza afya inahitaji neno moja lisilo na haya.

Kuna hazina nyingine ambayo mtafiti wa istilahi hana budi kuipitia. Mwanaanthropolojia Marc Swartz, katika kitabu chake cha 1991 kuhusu Waswahili wa Mombasa, alieleza jinsi afya inavyofahamika Mji wa Kale kuwa ni uwiano wa joto na baridi, unyevu na ukavu mwilini. Maneno kama safura na balghamu ni masalia ya elimu hiyo ya kale iliyopita kwa Wayunani na Waarabu. Safura kwa asili yake ya Kiarabu ni nyongo ya manjano, ingawa Kiswahili kimelihamishia neno hilo kwenye maradhi. Anayeelezea ini Mji wa Kale haandiki juu ya ubao mtupu. Dhana ya mwili uliopotewa na mizani tayari ipo, na ugonjwa huu, kwa bahati njema, ni ugonjwa wa mizani: kiingiacho kimezidi kitumikacho.

Jina lililobadilishwa

Mwaka 1980 Jurgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, waliwaeleza wagonjwa ambao maini yao yalifanana kabisa na ya walevi, ilhali wenyewe hawakuwa walevi. Ugonjwa huo ukapewa jina lililoukana ulevi: “usio wa pombe”. Jina hilo lilidumu zaidi ya miaka 40. Mwezi wa Juni 2023 vyama vya kimataifa vya wataalamu wa ini vilitangaza jina jipya linaloutaja umetaboli badala ya pombe, ambalo kifupisho chake ni MASLD. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba jina la awali liliwaaibisha wagonjwa. Zaidi ya nusu ya wataalamu walioulizwa waliona hivyo.

Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kura ya wataalamu kulitambua tatizo hili. Katika mji ambamo misikiti ya Mandhry na Basheikh imesimama kwa karne nyingi, na ambamo nyumba nyingi hazijawahi kuingiza chupa ya pombe, neno “pombe” likitajwa katika ugonjwa wa mzee wa nyumba halifutwi na kiambishi cha ukanushi. “Ugonjwa wa ini usiotokana na pombe” ni sahihi kisarufi, lakini masikio ya jirani hudaka nomino kabla ya kukanusha. Mgonjwa huona bora asiitaje kabisa karatasi yake, na ugonjwa usiotajwa hautibiwi. Hapa Kiswahili kilipata bahati ya kuchelewa: kwa kuwa jina la zamani halikuwa limekita mizizi, hakuna cha kung’oa. “Ugonjwa wa shahamu ya ini” linatosha kwa matumizi ya kawaida, na pale penye haja ya ukamilifu huweza kuongezwa “utokanao na kasoro za umetaboli”.

Hatua zinazofuata shahamu zina matatizo yake. Shahamu ikikaa, ini la baadhi ya watu huanza kuumuka na kuwaka, kisha hupata makovu. Makovu yakizidi, ini hukakamaa na kuwa na sirosisi, na hapo hatari ya saratani huongezeka. “Kovu” halina shida. Lakini ile hatua ya kuwaka mara nyingi huitwa “uvimbe”, na “uvimbe” ndilo neno lile lile linalotumiwa kwa uvimbe wa saratani. Mgonjwa anayeambiwa ana uvimbe wa ini huenda akaanza kuandika wasia. Tanzania neno “mchochota” limetumika kwa maana ya kuwaka huku, na hakuna sababu ya Mombasa kulikataa. Vilevile “homa ya ini” iachiwe maradhi ya virusi, ambayo yana chanjo au dawa zake na huambukizwa. Shahamu ya ini haiambukizwi.

Vipokezi vya kiini

Seli huongozwa na wajumbe, na kila mjumbe ana mahali pa kupokelewa. Mahali hapo ndipo paitwapo kipokezi. Baadhi ya vipokezi hukaa juu ya ngozi ya seli, vingine hukaa ndani, na vinapotenda kazi hushikamana na jeni zilizomo katika kiini. Hivi vya pili ndivyo vinavyohusika hapa.

Wapo wanaoviita “vipokezi vya nyuklia”. Tafsiri hiyo haifai. Katika vyombo vya habari nyuklia ni silaha na mitambo ya umeme, na mgonjwa akiambiwa dawa yake ni ya vipokezi vya nyuklia atadhani anapelekwa kwenye mionzi. Kiswahili kina “kiini”, neno la yai na la habari, ambalo vitabu vya biolojia vya shule vimelitumia kwa miaka mingi. “Vipokezi vya kiini” ni istilahi iliyo wazi.

Nyumba ya Kiswahili yenyewe inatoa mfano mzuri wa tofauti ya makundi haya mawili. Katika nyumba za kale za Ndia Kuu (jina ambalo bado limeihifadhi “ndia” ya Kimvita mahali pa “njia”), mgeni hupiga hodi na kupokelewa dakani. Ujumbe wake huchukuliwa na mtu mwingine na kupelekwa ndani. Yeye mwenyewe havuki. Jamaa wa nyumba hali yake ni nyingine: hupita daka, hupita kumbi, huingia hadi ndani kabisa na kusema na mwenye nyumba ana kwa ana. Insulini ni mgeni wa dakani. Homoni za uzazi, homoni ya tezi ya thairoidi, asidi za mafuta na asidi za nyongo ni jamaa. Ngozi ya seli haiwi kizuizi kwao, ingawa baadhi yao huhitaji mtu wa kuwashika mkono mlangoni. Wakifika ndani hukutana na kipokezi, nacho huamua ni jeni ipi isomwe na ipi ifumbwe.

Elwood Jensen wa Chicago ndiye aliyeonyesha, mwishoni mwa miaka ya 1950, kwamba homoni ya estrojeni ina kipokezi chake ndani ya seli. Mwaka 1985 maabara ya Ronald Evans huko California iliipata jeni ya kipokezi kimojawapo cha jamii hii, na tangu hapo ndugu zake walifuatana. Kwa binadamu wamehesabiwa 48. Karibu wote wana umbo la kufanana: sehemu moja humshika mjumbe, na nyingine hushika jeni kwa vikunjo viitwavyo vidole vya zinki. Vingi hufanya kazi viwiliviwili, kila kimoja na mwenzi wake. Mjumbe asipokuwapo, baadhi hukaa juu ya jeni pamoja na wazuiaji, na jeni hubaki kimya. Mjumbe akifika, kipokezi hubadili umbo, wazuiaji huachia na wasaidizi huitwa. Dawa ni mjumbe wa kutengenezwa.

Nyongo, jamaa watatu na tezi

Kwa muda mrefu nyongo ilifahamika kama sabuni: kazi yake ni kuyavunjavunja mafuta ya chakula utumboni. Mwaka 1999 watafiti walionyesha kwamba asidi za nyongo pia ni wajumbe, na kwamba huamsha kipokezi cha kiini kiitwacho FXR. Kikiamshwa, ini hupunguza kutengeneza nyongo nyingine na hupunguza kutengeneza shahamu. Dawa iliyobuniwa kutokana na ugunduzi huo, asidi ya obetikoliki, ni asidi ya nyongo ya binadamu iliyobadilishwa kidogo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba makovu yalipungua kwa asilimia 23 ya wagonjwa waliopewa miligramu 25 kila siku, dhidi ya asilimia 12 ya waliopewa kidonge kitupu. (Neno “dawa bandia”, litumiwalo na baadhi ya wafasiri kwa kidonge kitupu, liepukwe: nchini Kenya dawa bandia ni ile ya walaghai.) Lakini nusu hivi ya wagonjwa hao waliwashwa mwili, na kolesteroli yao mbaya ilipanda. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuiidhinisha kwa ugonjwa huu mwaka 2020, na tena mwaka 2023, kampuni ikaachana nayo. Mambo yalitumbukia nyongo kwelikweli.

Kundi la pili ni la vipokezi vitatu viitwavyo PPAR: alfa, gama na delta. Pioglitazoni, dawa ya kisukari iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1999, huamsha gama. Kazi yake inaeleweka kwa urahisi: huzifanya seli za shahamu za mwili zikubali kuhifadhi zaidi, ili mzigo usitupwe kwenye ini. Utafiti mkubwa wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba inapunguza shahamu na mchochota wa ini. Ni ya zamani na ni nafuu. Hata hivyo, huongeza uzito, huvimbisha miguu, haifai kwa wenye udhaifu wa moyo na hudhoofisha mifupa. Ndugu yake aliyemtangulia, troglitazoni, aliondolewa sokoni Marekani mwaka 2000 kwa sababu aliliharibu ini lenyewe. Elafibranori, ya alfa na delta, ilishindwa katika majaribio ya ugonjwa huu mwaka 2020. Lanifibranori, inayoamsha zote tatu, ilitoa matokeo ya kutia moyo katika jaribio la awamu ya pili lililochapishwa mwaka 2021.

Mafanikio yalitoka upande ambao wachache waliutazamia. Tezi ya thairoidi, ile iliyo shingoni na ambayo ikivimba huitwa rovu, hutoa homoni inayouhimiza mwili kuchoma akiba. Homoni hiyo ina vipokezi vya aina mbili: alfa, kilichotawala moyoni na mifupani, na beta, kilichotawala kwenye ini. Kumpa mtu homoni yenyewe ili kuchoma shahamu ya ini ni kuukimbiza moyo wake. Resmetiromu ilibuniwa ili iamshe beta na kumwacha alfa alale. Katika jaribio la wagonjwa 966 lililochapishwa mwanzoni mwa 2024, baada ya wiki 52 mchochota ulitoweka bila makovu kuzidi kwa asilimia 29.9 ya waliopewa miligramu 100, dhidi ya 9.7 ya waliopewa kidonge kitupu. Makovu yalipungua kwa asilimia 25.9 dhidi ya 14.2. Kuharisha na kichefuchefu vilikuwa malalamiko ya kawaida. Tarehe 14 Machi 2024 Marekani iliiidhinisha, ikawa dawa ya kwanza kuidhinishwa huko kwa ugonjwa huu, kwa wale ambao makovu yao ni ya kati au makubwa lakini hayajafikia sirosisi. Dawa ya pili, semaglutidi, iliidhinishwa huko Agosti 2025. Hiyo ni mgeni wa dakani, si jamaa wa ndani.

Kutibu na kuponya

Hapa ndipo mwandishi wa Kiswahili anapopaswa kuwa mwangalifu kuliko mahali pengine popote. Takwimu za resmetiromu zikisomwa vizuri, zinasema kwamba kati ya wagonjwa 100, mchochota ulitoweka kwa 30 hivi, na kwamba 10 kati yao pengine wangepata nafuu hata kwa kidonge kitupu. Sabini hawakufika hapo. Kichwa cha habari kisemacho “Dawa yaponya ini” ni uongo, na ni uongo ambao lugha haikulazimisha. Kiswahili kina kutibu, kuponya, kutuliza, kupoza na kuganga. Kutibu ni kushughulikia. Kuponya ni kumfikisha mtu kwenye kupona. Resmetiromu hutibu. Wapo ilioponya mchochota wao, na wapo ambao haikuwafaa kitu. Mfasiri anayevichanganya vitenzi hivi viwili anaweza kumfanya mtu auze kiwanja.

Wala hilo si kutia chumvi. Bei iliyotangazwa Marekani dawa hiyo ilipoingia sokoni ilikuwa dola 47,400 kwa mwaka, takriban shilingi milioni 6 za Kenya. Ilhali kupunguza uzito kwa asilimia 7 hadi 10, yaani kilo 6 hadi 9 kwa mtu wa kilo 90, hupunguza shahamu na mchochota kwa wengi, na kwa baadhi hata makovu. Si jambo jepesi. Mwezi wa Ramadhani wenyewe, ambao ungetarajiwa kumsaidia mtu, huja na kaimati za shira, mahamri na sharubati za kila rangi. Kahawa chungu imiminwayo kwenye vikombe vidogo mabarazani jioni haina lawama. Tafiti kadhaa zimeihusisha kahawa na upungufu wa makovu ya ini, ijapokuwa hilo halijathibitisha kuwa ndiyo inayoyapunguza. Kipande cha halwa kinachoandamana nayo hakina utetezi huo.

Suala la istilahi lililobaki ni la yule mjumbe wa kutengenezwa. “Ligandi” inafaa kwa kitu chochote kinachoshikwa na kipokezi, lakini haisemi kinafanya nini kikishikwa. “Kichocheo” tayari kina maana zaidi ya moja katika vitabu vya sayansi. “Kiamshi” kina faida ya kueleweka papo hapo: mgonjwa akiambiwa kidonge chake ni kiamshi cha kipokezi cha ini, atafahamu kwamba kuna kitu kilicholala na kwamba dawa inakiamsha. Ugumu uko upande wa pili, wa dawa inayokizuia kipokezi kisiamke. Kwa kanuni za uundaji wa maneno jozi ya “kiamshi” ingekuwa “kilaza”, nalo ni neno ambalo wanafunzi wamekwisha kulichukua kumwita mwenzao asiyeambulia kitu darasani.